Malimba kumi na mawili ya Chamwino: shajara ya mradi, Juni hadi Desemba

3 Juni

Mtendaji wa kijiji hapa Chamwino, Dodoma, kwa Wagogo, amepokea barua yetu na wazee wamekubali, kazi imeanza. Lengo ni malimba 12 na mazeze 6 (vyombo vya nyuzi vinavyopigwa kwa upinde), yatengenezwe na vijana 9 chini ya mafundi wazee watatu, kisha yapigwe na waimbaji wa hapahapa kijijini na kurekodiwa. Muda ni miezi sita. Ratiba tumeifungamanisha na shamba: Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na mtu mwenye jembe mkononi hana nafasi ya kushika patasi. Tunaanza mtama na uwele ukishaingia ghalani, tunaacha mawingu yakikusanyika.

Jambo moja tuliandike tangu mwanzo, maana ndilo litakaloamua mengine yote. Ilimba (wingi malimba) ni sanduku lenye ndimi za chuma, na yeyote mwenye msumeno na misumari anaweza kulitengeneza lifanane na la babu yake. Kinachopotea upesi Ugogoni ni mpangilio wa sauti, zile hatua kutoka ulimi mmoja hadi mwingine. Hizo hazionekani kwenye picha. Ukishazikosa, una sanduku zuri lisiloweza kuimba nindo wala msunyunho, nyimbo za Wagogo. Kwa hiyo katika shajara hii maelezo ya sauti yatakuwa marefu kuliko ya mbao.

10 Juni: mbao

Vipande 14 vya mninga vimepatikana, mabaki kutoka kwa muuza mbao mwenye leseni, na risiti yake tumeitunza. Mninga unaokatwa bila kibali cha misitu usiguswe hata kama ni bure: chombo kitakachosafiri kwenda tamashani kitaulizwa karatasi njiani, na karatasi ikikosekana hata fundi asiye na hatia anaingia matatani.

Kila kipande kina urefu wa milimita 340, upana 200 na unene 90. Tumechukua viwili vya ziada tukijua vingine vitapasuka.

24 Juni

Vimepasuka vinne.

Sababu tumeiona wazi. Mbao ilipasuliwa mwezi uliopita tu, bado ina maji ndani, na upepo mkavu wa kiangazi umeshaanza. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, pale nyuzi za mti zilipokatwa, kuliko ubavuni. Ncha zinasinyaa, katikati bado imevimba, ufa unaanzia nchani na kuingia ndani sentimita 4 hadi 7. Kwenye kipande kimoja ufa umefika hadi katikati na hicho kimekuwa kuni.

Dawa ilipaswa kutangulia: kupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye ncha zote mbili siku ileile mbao inapofika, kisha kuvipanga kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite chini, na kuviacha wiki sita hadi nane. Vipande 10 vilivyobaki tumevipaka leo. Vitatu vyenye nyufa fupi tutavikata nchani viwe malimba madogo, kwa hiyo hesabu ya 12 bado inawezekana na kimoja kinabaki cha akiba.

Julai, wiki tatu za kwanza: vibuyu, ngozi na misumari

Mbao zikikauka, tumefanya mengine. Vibuyu vya mazeze huvunwa sasa, ganda likishakuwa gumu na mkono wake umekauka wenyewe shambani. Kinachofaa kina mdomo wa sentimita 14 hadi 18 baada ya kukatwa. Ukikivuna kabla ya wakati, ganda linakuwa laini na linajikunja likishavutwa na ngozi.

Ngozi ni ya mbuzi. Inalowekwa usiku mmoja, inaparwa manyoya na nyama kwa kisu butu, inatandikwa mdomoni ikiwa mbichi na kushikizwa kwa vijiti vyembamba vilivyochongwa, kisha inakauka kivulini siku tatu au nne. Kijana mmoja aliiweka juani ili imalize siku hiyohiyo. Ngozi ilijivuta kwa nguvu kuliko ganda linavyoweza kustahimili, na jioni kibuyu kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi chini. Ufa wa kibuyu unashonwa kwa sindano na uzi, ni ufundi wa zamani wa akina mama, na hicho kitatumika, ila sauti yake itakuwa nyembamba kidogo.

Nyuzi za zeze tunazitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, unafumuliwa na kutumia unyuzi mmojammoja. Upinde ni fimbo mbichi iliyokunjwa, wenye nyuzi 60 hadi 80 za mkonge zilizopigwa utomvu mkavu. Bila utomvu upinde unateleza na zeze halisemi kitu.

Sasa ndimi. Tunatumia misumari ya inchi 4 na spoku nene. Msumari unafuliwa ukiwa baridi juu ya kipande cha reli, mpaka unene wa takribani milimita 1.1 upande wa kuchezea. Vijana walipenda kuupasha moto kwanza kwa sababu chuma moto hutii haraka. Ulimi wa namna hiyo unapendeza siku ya kwanza na kushuka sauti siku ya tatu: chuma kilichopoa taratibu kwenye majivu kimelainika, kidole kikikibonyeza mara elfu kinapinda. Nyundo juu ya chuma baridi hukikaza. Tumetupa ndimi 31 zilizopikwa hivyo, na kuanza upya. Fundi mkuu ana kipimo chake: anaudondosha ulimi juu ya jiwe, uliokazwa unalia, uliolainika unagonga tu.

29 Julai: waimbaji kwanza

Kabla ya kulinganisha ulimi hata mmoja tuliwaita waimbaji, wanawake watano na wanaume wanne wa umri tofauti, na kuwaomba waimbe bila chombo chochote. Tulirekodi na kupima kila sauti waliyoishikilia zaidi ya sekunde moja.

Matokeo yanaafikiana na walichoandika watafiti wa muziki wa Wagogo, akiwemo Gerhard Kubik: hatua za Cigogo, yaani Kigogo kwa lugha ya wenyewe, zinatoka katika sauti za ndani za waya mmoja. Waya ukitetemeka wote unatoa sauti nene. Ukiugusa taratibu nusu ya urefu wake, unatoa sauti ya 2, theluthi, sauti ya 3, na kuendelea. Muziki wa Kigogo unatumia hasa sauti ya 4 hadi ya 10. Kiini chake ni 6, 7, 8, 9, 10, halafu 12, ambayo ni ya 6 iliyorudi juu.

Kwa wasomaji wenye kinanda: chukua senti 100 kuwa hatua moja ya kinanda, kutoka kitufe cheupe hadi cheusi kilicho jirani yake. Hatua za Kigogo ni hizi: kutoka 6 hadi 7 senti 267, 7 hadi 8 senti 231, 8 hadi 9 senti 204, 9 hadi 10 senti 182, 10 hadi 12 senti 316. Jumla 1200, oktava kamili. Angalia zinavyopungua, 267, 231, 204, 182, kila hatua fupi kuliko iliyoitangulia. Hakuna kinanda cha dukani chenye mteremko huo. Ile ya 7 ndiyo sauti inayomfanya mgeni adhani mwimbaji amekosea. Hakukosea. Iko mahali pake kamili.

Wanawake watatu wa makamo waliifikia ya 7 kila mara ndani ya senti 8. Mabinti wawili wanaoimba kwaya yenye kinanda cha umeme waliipandisha kwa senti 25 hadi 30, wakaifikisha pale kinanda kinapoiweka. Wanaimba vizuri mno, na hawakujua kwamba wameihamisha. Hiyo ndiyo njia sauti zinavyotoweka, bila mtu kukataza chochote.

5 Agosti: waya na ndoo

Tunahitaji kipimo ambacho hakitegemei umeme, simu wala masikio ya mtu mmoja. Tumekitengeneza kwa ubao, waya na ndoo, na tunaomba kila kikundi kinachosoma hapa kijaribu.

Ubao una urefu wa mita moja na nusu. Viegemeo viwili vya mbao ngumu vimewekwa umbali wa milimita 1200 kamili. Waya wa chuma wa unene wa milimita 0.5 umefungwa upande mmoja, upande wa pili unapita juu ya kiegemeo na kuning'inia ukiwa umebeba ndoo ya maji. Uzito wa ndoo pamoja na maji ukiwa kilo tatu na robo, waya unatetemeka mara 60 kwa sekunde. Tulichagua 60 kwa sababu ilimba kongwe zaidi tulilolipima hapa, lenye ndimi ambazo mwenye nalo hajawahi kuzisogeza, lina sauti ya 8 karibu na Hz 240, yaani mitetemo 240 kwa sekunde, na 60 inaingia humo bila kubaki.

Alama zimechorwa kwa wino ubaoni kutoka kiegemeo kimoja: milimita 200 kwa sauti ya 6, 171.4 kwa ya 7, 150 kwa ya 8, 133.3 kwa ya 9, 120 kwa ya 10, na 100 kwa ya 12. Gusa waya juu ya alama kwa ncha ya kidole bila kuubonyeza, ukwanyue karibu na kiegemeo, kisha inua kidole mara moja. Sauti inayobaki ndiyo unayoitafuta. Iko oktava moja juu ya ndimi za katikati za ilimba. Mwimbaji mzoefu hilo halimsumbui, anayeanza atahitaji siku mbili tatu kuzoea.

Makosa tuliyoyaona: ukibonyeza waya badala ya kuugusa, unapata sauti nyingine kabisa. Ndoo ikiyumba, sauti inayumba nayo, basi funga kamba ndogo kati ya ndoo na mguu wa meza. Maji huvukizwa, na upepo wa Agosti hapa haucheki na mtu: tulipoteza kama mililita 100 kwa mchana mmoja, ambazo ni senti 27 hivi. Funika ndoo. Hata hivyo maji yakipungua, sauti zote zinashuka pamoja na hatua kati yake hazibadiliki, ambalo ndilo jambo kubwa.

19 Agosti: sanduku

Mninga umekauka. Kila kipande kinachimbwa kutokea chini kwa tezo ndogo na patasi, uso wa juu ukiachwa milimita 6 na kuta milimita 8, kisha kinafungwa chini kwa ubao mwembamba uliogundishwa. Uso ukibaki milimita 9, ilimba linasikika kama limefunikwa blanketi. Ukifika 4, linapiga kelele mwanzoni halafu linabonyea chini ya kiegemeo. Tunapima kwa kidole: kugonga uso ukichimba, na kusimama pale mlio unapoacha kuwa mfupi.

Ndimi zinakaa juu ya viegemeo viwili, na chuma kimoja cha kukandamiza kinapita juu yake katikati, kimefungwa kwa waya unaopenya uso wa sanduku kila baada ya ndimi mbili. Vijana walitaka kufunga kila baada ya ndimi nne ili kupunguza matundu. Chuma kilijikunja kati ya fundo na fundo, ndimi za katikati zikalegea. Mbili mbili, hakuna njia ya mkato.

Idadi ya ndimi kwa malimba haya ni 22: 14 za kuchezwa kwa vidole gumba, 8 za pembeni zisizoguswa, zinaitikia zenyewe pacha wake akipigwa. Vijana walitaka zaidi, kwa kuwa wameona picha za malimba makubwa ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa Doda, aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Tunaelewa hamu hiyo. Lakini ulimi wa kuitikia unaitikia tu ukiwa sauti moja na pacha wake. Ukitofautiana hata senti 10 unanyamaza au unatia ukungu. Asiyeweza kulinganisha 22 asipewe 60.

2 Septemba: urefu wa ndimi

Jedwali la ukutani, kwa ulimi wenye unene sawa, tukianza na sauti ya 6 iliyochomoza milimita 70 kutoka kiegemeo: ya 7 ni 64.8, ya 8 ni 60.6, ya 9 ni 57.2, ya 10 ni 54.2, ya 12 ni 49.5. Ukipunguza urefu kwa nusu, sauti haipandi mara mbili, inapanda mara nne. Ndiyo sababu namba hizi zinakaribiana mno kuliko mtu anavyotarajia.

Jedwali linakufikisha jirani tu. Ndimi zimefuliwa kwa mkono, hakuna mbili zenye unene uleule. Baada ya hapo ni kugonga taratibu: kijinyundo kidogo nyuma ya ulimi ili uchomoze na kushuka, au mbele ili urudi na kupanda. Milimita moja ni senti 50 hadi 60 kwa ndimi za katikati na zaidi ya 60 kwa zile fupi. Pigo moja la haraka linakupitisha.

9 Septemba: ilimba namba 3

Hili tunaliandika kwa kirefu kwa sababu litawatokea wengi.

Ilimba namba 3 lilikuwa limelinganishwa kwa waya na kupitishwa na fundi mkuu: Hz 180, 210, 240, 270, 300, 360. Jioni kijana aliyelitengeneza alifungua programu ya kulinganisha gitaa kwenye simu yake, akaona taa nyekundu kila ulimi, akadhani kazi yake ina kasoro. Akasogeza kila ulimi mpaka taa ikawa kijani. Hakuna ulimi uliosogezwa hata milimita moja nzima.

Simu inajua sauti 12 za kinanda tu na inakuvuta kwenye iliyo karibu. 180 ilivutwa juu senti 47. 210 ikashushwa senti 19. 240 juu 49, 270 juu 45, 300 chini 37, 360 juu 47. Sasa soma hatua zilizotokea: 6 hadi 7, iliyokuwa 267, imekuwa 200. 7 hadi 8, iliyokuwa 231, imekuwa 300. 9 hadi 10, iliyokuwa 182, imekuwa 100. Mteremko umevunjika: hatua ya pili imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, na ya nne imebanwa hadi karibu nusu. Asubuhi mama mmoja alianza wimbo, ilimba likaingia, naye akanyamaza katikati ya neno.

"Babu, simu inasema iko sawa," kijana akamwambia fundi.

"Simu inapima ya kwao, mjukuu wangu. Imba wewe kwanza, halafu kiulize chuma kama kinakufuata."

Tumeweka utaratibu. Kwanza mwimbaji, pili waya, tatu ilimba. Simu inaruhusiwa mwishoni tu, kwa kuandika namba za Hz daftarini, na programu inayotumika ni ile inayoonyesha Hz bila majina ya sauti wala taa. Ilimba namba 3 limerudishwa kwenye waya na kuchukua asubuhi nzima.

23 Septemba: utando wa buibui

Mbele ya sanduku kuna tundu la kipenyo cha milimita 8 hadi 10, linazibwa kwa utando mweupe wa mayai ya buibui, ule mduara kama karatasi unaobandikwa ukutani. Huo ndio unaoleta mvumo, ule mlio wa nyuki nyuma ya kila sauti. Mgeni husikia kasoro. Mwenyeji bila huo husikia ilimba bubu.

Unachagua ule ambao watoto wameshatoka, unabandua kwa ncha ya kisu, unapangusa, unabandika kwa nta kidogo pembezoni. Ukiukaza sana unakata mvumo, ukiulegeza unapepea na kuchanika.

Tatizo ni upatikanaji. Ukuta wa tembe, wa udongo, wenye kiza na dari ya miti, ulikuwa na mitando mingi. Nyumba za matofali yaliyopigwa lipu na kuezekwa bati zina michache sana. Siku nzima watu wawili walipata 17, mingi kutoka tembe mbili kuukuu na ghala moja. Zamani wengine waliziba kwa kipande cha mfuko wa plastiki mwepesi, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na ni vema. Tumejaribu karatasi ya sigara: inavuma vizuri siku moja, unyevu wa pumzi unailegeza. Kwa sasa kila ilimba linakabidhiwa na mitando miwili ya akiba ndani ya kiboksi cha kiberiti.

7 Oktoba: rekodi za zamani

Tumezisikiliza pamoja na wazee rekodi kadhaa za miaka ya nyuma. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na hazina yake iko ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoko Makhanda, Afrika Kusini. Kwa anayetaka kuzitumia kulinganisha vyombo: msiamini Hz za rekodi kongwe. Mashine ikizunguka kasi kidogo au taratibu kidogo, sauti zote zinapanda au kushuka pamoja. Amini hatua kati ya sauti, kwa kuwa kasi haiwezi kuzibadilisha. Kipimo chetu cha waya na ndoo kinafaa hapa: ongeza au punguza maji mpaka waya ukubaliane na sauti ya 8 ya rekodi, kisha angalia kama nyingine zinaangukia kwenye alama.

21 Oktoba: kurekodi, na tusichorekodi

Tunarekodi faili za WAV, biti 24, kilohezi 48, chaneli mbili. Saa moja inakula karibu GB 1. Kadi ya GB 32 inatosha kazi ya siku tatu nne bila kubana. Nakala ni tatu: diski moja Chamwino, moja Dodoma mjini, na kadi zinazokabidhiwa waimbaji wenyewe. Faili zilizobanwa za kutuma kwenye simu zinatengenezwa baadaye kutoka WAV, kamwe si kinyume chake.

Saa nzuri ni kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Chini ya bati tumeshindwa: kila sauti inarudi kutoka juu na nindo, yenye sauti nyingi zinazopishana, inageuka uji. Chini ya mbuyu, waimbaji nusu duara, maiki mbili mita mbili na nusu mbele yao, ndipo kila sauti inajitenga.

Majina ya faili yalitutia hasara ya siku mbili. Wachapaji walizoea Kiswahili, wakaandika neno moja kwa namna tatu. Msunyunho ulikuwa pia "msunyuno" na "msunyuho", na ukitafuta moja huzipati nyingine. Katika Cigogo herufi h baada ya n si ya kupuuzwa: nh inatamkwa kwa pumzi puani, kama katika *munhu*, mtu. Tumekubaliana: c badala ya ch, nh zinaandikwa popote zinaposikika, na kila jina linasomwa kwa sauti mbele ya mzee mmoja kabla ya kuhifadhiwa.

Kuhusu ridhaa. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, la 2007, linataka ridhaa ya hiari, ya mapema, baada ya watu kuelezwa vyote. Wagogo ni wengi na kwa kawaida hawahesabiwi kuwa watu wa asili kama Wahadzabe au Waakie, lakini hatuoni kwa nini kanuni hiyo isifuatwe hapa pia. Kwa vitendo: maelezo yanatolewa kwa Cigogo, siku moja kabla, kwa kikundi kizima, na mtu yeyote akisema hapana, wimbo huo haurekodiwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi za jamii, kwa hiyo kila faili ina jina la kijiji na kikundi kama wenye mali, si jina la mradi.

Sehemu ya nyimbo za jando na zote za unyago wazee walituomba tusiziguse. Hazimo. Hatukurekodi hata kwa ajili ya kabati. Maneno yake yana wakati wake na watu wake. Tunazihesabu kuwa salama zaidi midomoni mwa wenyewe kuliko kwenye diski yoyote.

11 Novemba

Malimba 11 yamepita kipimo. Mazeze matano yamepita, la sita ni lile lililoshonwa, linasubiri ngozi nyingine. Namba 7 linasumbua: ulimi wa sauti ya 7 unalia kwa mkwaruzo. Tumebadilisha ulimi mara mbili, mkwaruzo umebaki. Fundi mkuu aliweka jicho usawa wa kiegemeo na kuona kibonyeo kidogo pale ulimi unapokaa, chuma cha kiegemeo kimeliwa. Ulimi unagusa sehemu mbili badala ya moja. Tumesawazisha kwa tupa, na mkwaruzo umekwisha.

Ngoma za muheme, zile za wanawake zinazobanwa magotini, hazikuwa kwenye mpango huu na tumejuta. Ilimba linalinganishwa na waimbaji, na waimbaji wa hapa hufuata muheme. Akina mama wamesema wazi kwamba ngoma zao nne zina ngozi zilizochoka. Awamu ijayo inaanzia hapo.

28 Novemba

Upimaji wa pili wa malimba yaliyokwisha kupita kipimo, baada ya wiki nane za kuchezwa. Ndimi 242 zimepimwa kwenye malimba 11. Nyingi zimesogea chini ya senti 8. Zilizosogea zaidi ni zile za kidole gumba cha kulia, zinazopigwa kwa nguvu, na nyingi ni zile ambazo fundo la waya halikukazwa mara ya pili baada ya wiki ya kwanza. Tumeongeza hatua hiyo kwenye ukuta: kaza mafundo siku ya 7, linganisha tena siku ya 8.

Mabinti wawili wa kwaya wamepimwa tena bila kuambiwa tunapima nini. Miezi minne baada ya kipimo cha kwanza, wakiwa wameimba na ilimba, mmoja anaifikia ya 7 ndani ya senti 10. Wa pili bado anapanda, senti 18, kutoka 30.

9 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Asubuhi, malimba sita kati ya yale yaliyolala kwenye nyumba za udongo yalikuwa yameshuka kidogo, yote kwa pamoja, mbao zikiwa zimekunywa unyevu. Hatua hazikubadilika, hivyo hayakuguswa. Namba 12, lililotoka kwenye kipande chenye ufa, limefunguka tena nchani kwa milimita moja. Vumbi la mninga na gundi vimeingizwa, limefungwa kwa kamba ya mpira ya tairi hadi Jumamosi.

Ndoo imemwagwa, waya umepakwa mafuta na kuviringishwa, ubao umetundikwa ofisini kwa kikundi alama zikitazama ukuta zisififie. Vijana saba kati ya tisa wamekwenda shamba leo.